Sungura wa kupalia kwa viazi, karoti na haradali

Sungura hana mafuta. Ukilishika hilo, nusu ya mapishi yake umeshayajua. Kuku ana ngozi na mafuta chini ya ngozi, mbuzi ana mafuta yaliyojiviringisha kwenye mbavu, ng'ombe ndiyo usiseme. Sungura wa kufugwa akishachunwa hubaki nyama nyeupe tupu na mafuta kidogo yaliyofunika figo. Ndiyo maana wengi walioonja sungura wa kuchoma au wa kukaanga wanakuambia nyama yake ni ngumu na inakauka mdomoni. Nawaamini, kwa sababu ameletewa moto usiomfaa. Moto mkali unaikamua nyama maji yake, na kwa kuwa hakuna mafuta ya kuilainisha, kinachobaki ni nyuzi.

Mimi nafuga sungura nyuma ya nyumba, Usa River, chini ya Mlima Meru. Baridi ya Juni na Julai inapotushika huku Arusha, chakula ninachokipenda kuliko vyote ni sungura aliyepikwa taratibu kwenye sufuria nzito pamoja na viazi na karoti, mfuniko umebana, makaa kidogo chini na makaa mengi juu. Wenye oveni hupata matokeo hayo kwa kuingiza chungu ndani na kugeuza kitufe. Asiye na oveni asijione kakosa kitu, maana huku kwetu watu wamepalia wali na kuoka mikate kwa makaa ya juu na chini miaka mingi kabla oveni hazijafika majikoni.

Tuanze na sungura mwenyewe. Wafugaji wengi huuza sungura wa miezi mitatu hadi minne, akiwa na kilo 2 hadi 2.5. Mwenye kilo 2.5 akichunwa na kutolewa matumbo anabaki na kilo 1.3 hivi, naye anatosha watu watano au sita akipikwa na mboga nyingi. Huyo mchanga ni laini na anaiva haraka. Lakini kwa chungu hiki mimi humchagua mkubwa kila ninapompata: jike lililokwisha kazi ya kuzaa, au dume la mwaka mmoja na zaidi. Nyama yake ina ladha nzito, na ule mnato ulioshikilia misuli na viungo ni mwingi. Mnato huo ukipata unyevunyevu na joto la polepole unayeyuka na kuwa utelezi unaoufanya mchuzi uwe mzito na kushika midomo. Ukimpika mkubwa kwa haraka hatafuniki, ukimpa muda wake anamshinda mchanga kwa mbali. Kumjua kwa nje: sikio la mchanga ni jembamba na laini, la mkubwa limekakamaa; kucha za mchanga ni fupi na zimejificha kwenye manyoya, za mkubwa ni ndefu na zimechakaa.

Kama hufugi, nunua kwa mfugaji unayeweza kwenda kumwona bandani. Mimi wateja wangu huwaachia mguu mmoja wa nyuma na manyoya yake, ili mtu ajue bila wasiwasi amebeba mnyama gani. Mwombe muuzaji akuachie pia figo, ini na moyo. Ini liangalie kwa makini: likiwa na madoa meupe au ya manjano, yawe madogo au makubwa, litupe. Mara nyingi ni dalili ya koksidiosi, ugonjwa wa vimelea unaosumbua sana mabanda machafu na yenye unyevu. Ini zuri ni la rangi moja ya damu ya mzee, laini, linang'aa. Nyongo itolewe kwa uangalifu kabla ya lolote, kwani ikipasuka uchungu wake hauoshwi.

Hapa niseme neno kuhusu wageni. Usimpikie mtu sungura bila kumwambia. Wasabato hawamli, wanafuata Mambo ya Walawi sura ya 11. Waislamu wa Kisuni wengi humla, ila Mashia hawamli, na hao wanaomla watataka achinjwe kwa kisu, kisheria. Wafugaji wengi humwua sungura kwa kumvunja shingo, kwa hiyo kama una mgeni Mwislamu panga mapema nani atachinja na vipi. Na kwa wenye watoto: sungura wa kula hapewi jina. Kwetu sheria hiyo inajulikana tangu mtoto anapoanza kubeba majani kwenda bandani, na imetuepusha na machozi mengi mezani.

Nyama ya mnyama aliyechinjwa sasa hivi hukakamaa. Mwache sungura alale kwenye friji usiku mmoja, amefunikwa. Asiye na friji ampike mapema siku hiyohiyo na aongeze nusu saa ya jikoni. Kisha mloweke kwenye maji ya chumvi: lita moja ya maji, vijiko viwili vya mezani vya chumvi, muda wa saa moja hadi mbili mahali pa baridi. Damu iliyobaki inatoka, chumvi inaingia ndani, na nyama iliyoingiwa na chumvi hushikilia maji yake vizuri zaidi jikoni. Najua wapo wanaomwogesha sungura kwa ndimu au siki tangu jioni hadi asubuhi ili kutoa harufu. Sungura wa banda safi hana harufu ya kupigana nayo. Ndimu nyingi kwa muda mrefu inaipausha nyama na kuiacha kama chokaa.

Kukata ndiko kunakowashinda wengi, na kunastahili kuelezwa polepole. Weka panga pembeni. Mifupa ya sungura ni myembamba na migumu, ukiipiga inapasuka vipande vidogo vyenye ncha, navyo hupotelea ndani ya mchuzi mpaka vimpate mtoto. Tumia kisu kidogo kikali na ufuate viungo. Miguu ya mbele haikuungana na kiwiliwili kwa mfupa, imeshikwa na misuli tu, kwa hiyo uvute mguu nje kidogo, pitisha kisu chini ya bega, nao unatoka mzima. Miguu ya nyuma ifungue kwa nje mpaka usikie kiungo cha nyonga kimeachia, kisha kata pale palipoachia. Ukishaitoa, angalia pande mbili za mzizi wa mkia: kuna vitezi vidogo vya rangi ya udongo. Vitoe, vina harufu. Baki na kiwiliwili. Mgongo, kuanzia pale mbavu zinapoishia hadi kwenye nyonga, ukate vipande vitatu kwa kupitisha kisu kati ya pingili na kuvunja kwa mkono. Juu ya mgongo kuna utando mweupe unaong'aa. Uchune kwa ncha ya kisu, maana ukipata moto unajikunja na kuminya nyama. Mapaja makubwa unaweza kuyagawa mara mbili kwenye goti.

Mbavu, shingo, nyonga na kichwa kama unacho, usivitupe. Viweke kwenye sufuria ndogo na maji lita moja, kitunguu nusu, kipande cha karoti, punje chache za pilipili manga, vichemke taratibu wakati unaandaa mengine, mpaka ibaki kama nusu lita. Chuja kwa kichujio chenye matundu madogo. Supu hiyo ndiyo utakayotumia. Viungo vya pakiti vinavyouzwa madukani sivitii humu, kwa sababu vina chumvi nyingi na vinafanya kila nyama inukie namna moja, wakati sungura ana ladha yake ya upole inayofaa kusikika.

Sasa vya kuandaa, kwa sungura mmoja. Viazi mviringo sita vya wastani, vimenywe na kukatwa mara mbili tu. Vikiwa vidogo viache vizima. Karoti nne nene, vipande virefu kama kidole. Vitunguu maji vitatu vikubwa, vikatwe vyembamba. Punje sita za kitunguu saumu. Nyanya mbili, si zaidi, zimenywe na kukatwakatwa, maana nyanya zikizidi utakula rosti ya nyanya. Unga wa ngano vijiko vitatu vya mezani. Samli au siagi vijiko viwili, na mafuta ya alizeti vijiko viwili. Haradali ya chupa kijiko kimoja cha mezani. Ukwaju uliolowekwa na kuchujwa, vijiko viwili. Kijiti kimoja cha rozimari, ile inayopandwa kama ua kwenye nyumba nyingi huku Arusha, urefu wa kidole. Pilipili manga ya kusaga, chumvi, na robo kikombe cha malai ya maziwa ya ng'ombe. Njegere mbichi kiganja kimoja kama msimu wake upo. Ukwaju nauweka kwa sababu chungu kizito kama hiki kinataka uchachu kidogo ili kisichoshe. Wapo wanaotumia glasi moja ya divai nyeupe kavu ya Dodoma mahali pa ukwaju, nayo inafaa, ila iache ichemke dakika tatu kabla ya kutia supu.

Toa nyama kwenye maji ya chumvi, ikaushe kabisa kwa kitambaa safi. Nyama yenye maji haigeuki rangi, inachemka tu kwenye mafuta. Nyunyizia pilipili manga, pitisha kila kipande kwenye unga, kung'uta uliozidi. Jiko liwe na moto mkali. Tia mafuta na kijiko kimoja cha samli kwenye sufuria nzito, yapate moto, panga vipande vichache kwa wakati bila kuvibananisha. Acha dakika tatu au nne upande mmoja bila kuvigusagusa, geuza, dakika tatu upande wa pili. Unatafuta rangi ya kahawia, huivishi nyama hapa. Vipande vya mgongo vipe dakika moja moja tu kila upande. Vikitoka vyote viweke kwenye bakuli, na uchukue tahadhari moja: bakuli la mgongo liwe tofauti na la miguu, maana havitarudi jikoni kwa wakati mmoja. Funika bakuli la mgongo na uliweke kwenye friji mpaka zamu yake.

Punguza moto, tia samli iliyobaki na vitunguu. Vitunguu vipewe dakika kumi nzima hadi vilegee na kuwa na rangi ya asali. Kisha kitunguu saumu, dakika moja, halafu nyanya mpaka zipondeke, halafu ukwaju. Mimina supu na ukwangue chini ya sufuria kwa mwiko wa mti. Ule ukoko wa kahawia ulioshika chini ndio utamu wenyewe, uyeyuke wote kwenye mchuzi. Rudisha miguu ya mbele na ya nyuma, weka karoti na rozimari, onja chumvi ukikumbuka kwamba nyama tayari ina yake. Mchuzi ufike katikati ya nyama na usiifunike. Nyama ikizama kabisa itakuwa ya kuchemsha.

Moto sasa ndiyo kazi. Kwa koleo ondoa makaa mengi jikoni, acha machache na uyafunike kwa jivu lake mwenyewe. Mfuniko uwe wa chuma au bati nene, mpana, ulalao sawa, usio na kishikio cha plastiki. Kama haubani, zungushia ukingo kamba ya unga uliokandwa kwa maji, ule wa chapati unatosha, kisha uubandue utakapofungua. Panga makaa juu ya mfuniko, mara mbili ya yaliyo chini, yaelekee zaidi pembeni kuliko katikati. Fanya haya nje au chini ya kibanda kilicho wazi, kamwe si ndani ya chumba kilichofungwa, kwa sababu hewa ya mkaa inaua bila kunuka. Baada ya dakika kumi tega sikio: unapaswa kusikia mchuzi ukitokota kwa vipovu vya mmoja mmoja. Ukisikia unarindima, toa kaa moja au mawili chini. Ukimya kabisa, ongeza moja. Mchuzi unaorindima unaharibu kila ulichofanya mpaka hapo.

Mwenye oveni aweke nyuzi 160 na asisumbuke tena. Mwenye gesi atumie mwali mdogo kuliko yote, na kama bado unazidi aweke kipande cha bati bapa chini ya sufuria.

Sungura mchanga mpe dakika arobaini kabla ya kufungua. Mkubwa mpe saa moja na nusu, wakati mwingine na zaidi. Kabla ya kuinua mfuniko toa makaa kwa koleo, futa jivu kwa kitambaa kibichi, inua ukiwa umeulaza sawasawa. Sasa ndipo vinaingia viazi na vile vipande vya mgongo ulivyotenga. Mgongo hauna mnato wa kuyeyusha, ni nyama laini tangu mwanzo, na ukiuweka tangu mwanzo pamoja na mapaja utakuwa pamba kabla mapaja hayajalegea. Wapishi wengi hawautenganishi, na ndiyo sababu kwenye sahani moja utakuta paja zuri na mgongo usiomezeka. Viazi vizamishe kwenye mchuzi, mgongo uulaze juu yake, funika, rudisha makaa mapya juu. Dakika arobaini nyingine, ukizungusha sufuria robo mzunguko katikati ya muda ili joto lienee. Dakika kumi za mwisho tupia njegere.

Wakati huo kaanga ini na figo kwenye kikaango kidogo, kwa samli na kitunguu, ziive hadi ndani, kisha ini liponde kwa uma mpaka liwe laini. Changanya na haradali na malai, pamoja na upawa mmoja wa mchuzi wa moto ili malai yasikatike. Hapa ndipo mafuta ambayo sungura hakuzaliwa nayo yanapoingia. Haya ya mafuta si mambo ya ladha tu. Huko kaskazini mwa Kanada inajulikana tangu zamani kwamba mtu akiishi kwa nyama ya sungura pori peke yake, bila mafuta wala chakula kingine, anajaza tumbo na bado anaugua na kudhoofika, kwa sababu mwili hauwezi kuendeshwa kwa nyama isiyo na mafuta. Wa pwani watatia tui zito la nazi mahali pa malai, na nimeonja, ni tamu sana. Ila hapo acha haradali na uongeze pilipili mbuzi nzima bila kuipasua.

Jaribu paja kwa uma. Nyama ikiachia mfupa bila kulazimishwa, tayari. Ikishikilia, funika na usubiri dakika ishirini, viazi vitavumilia. Mimina ule mchanganyiko wa ini juu, tikisa sufuria kwa kuishika masikio badala ya kukoroga, maana mwiko sasa utavunja kila kitu. Toa kijiti cha rozimari. Epua, acha imefunikwa dakika kumi na tano. Mchuzi utazidi kuwa mzito ukipoa kidogo, na nyama itarudisha unyevu wake.

Kwa kuwa viazi vimo ndani, sihitaji wali. Mnafu uliochemshwa ukaungwa kwa kitunguu na maziwa unatosha pembeni, uchungu wake unaelewana vizuri na mchuzi huu. Nyumbani kwangu wapo wasiokubali kwamba wamekula bila ugali, na mchuzi unabeba ugali bila shida, basi songa mdogo. Kachumbari ya kabichi na limau inafaa pia.

Kinachobaki hupendeza zaidi kesho yake. Kipoeshe haraka, kiweke kwenye friji ndani ya saa mbili, na utakuta mchuzi umeganda. Huo ndio ule mnato. Kipashe kwa moto mdogo na maji vijiko viwili, kimefunikwa, mpaka kichemke taratibu hadi katikati. Nyama kidogo iliyobaki ichambue, uitie kwenye sambusa au uichanganye na maharage. Mifupa ifukie kwenye shimo la mboji. Mbwa asipewe, kwa sababu mfupa wa sungura ukishapikwa huvunjika kwa ncha kali na unaweza kumchana koo au utumbo.